Mawingu: tuziachie setelaiti, au vituo vya ardhini vibaki?

Mtoa mada
Wakuu, hoja inayovuma ni kwamba vituo vya hali ya hewa ni gharama, basi tutegemee picha za setelaiti. Napinga.

Meteosat, setelaiti ya hali ya hewa ya Ulaya, iko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, na inachokiona ni mgongo wa wingu, si tumbo lake. Rubani anayetaka kutua Songwe anauliza wingu limeshuka hadi wapi. Anayemjibu ni mpimaji aliye uwanjani, anayeligawa anga mafungu manane na kutaja mangapi yamefunikwa, au mashine ya leza inayopiga mwale juu na kupima muda wa kurudi.

Kwenye mvua ndiyo balaa. Setelaiti hiyo hukisia mvua kwa ubaridi wa kilele cha wingu: kikiwa baridi sana, inahesabiwa mvua. Sasa nendeni Lushoto: milima ya Usambara hunyeshewa pia na mawingu mafupi ambayo vilele vyake havipoi kiasi hicho. Mkulima kalowa chapachapa, ramani inasema pakavu! Halafu utando mwembamba wa barafu huko juu, usiodondosha hata tone, unaweza kuhesabiwa mvua. Ukilipa bima ya mazao kwa makisio hayo peke yake, unamdhulumu mtu.

Wa Kanda ya Ziwa
Mkuu, Lushoto nakuachia. Ila Ziwa Victoria lina karibu kilomita za mraba 68,000, nani kajenga kituo katikati ya maji? Dhoruba zake huiva usiku, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini. Mpimaji wa nchi kavu gizani ataona nini? Setelaiti haisinzii, kila dakika 10 hadi 15 picha mpya.

Mpita njia
Mnaongea kana kwamba setelaiti ni za aina moja. EarthCARE ya Ulaya na Japani, iliyorushwa Mei 2024, ina rada na leza zinazochungulia ndani ya wingu. Shida yake hupima ukanda mwembamba tu chini ya njia yake, kisha inakwenda zake.

Mtoa mada
Na vipimo vyake huhakikiwa na nini? Vituo vya ardhini. Marekani wanapima mawingu Oklahoma tangu miaka ya 1990, wenye setelaiti kibao. Sisi tukifunga vyetu, ramani ya Lushoto ataisahihisha nani?

Wa Kanda ya Ziwa, rada ya hali ya hewa ya Mwanza imesimama ardhini, na giza haliisumbui. Usiihesabu upande wako.