Matengenezo ya SGR (reli ya kisasa): kampuni ya nje au mafundi wa TRC (Shirika la Reli Tanzania) wenyewe?

Taruma_la_Chuma:
Wakuu naomba mnieleweshe. SGR ya Dar–Moro imeanza kubeba abiria Juni 2024, mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Mkandarasi akishakabidhi kila kitu, nani anakagua njia na nyaya za umeme kila siku? Kuna jamaa anabisha kwamba kampuni ya nje ndo nafuu, mi roho inakataa ila hoja sina.

Kijana wa Pugu:
Mkuu mpe habari za Uingereza. Walipobinafsisha miaka ya 90, kampuni ya Railtrack akawa mwenye reli lakini matengenezo yote kwa makandarasi, nao wakagawia wengine wadogo. 17 Oktoba 2000 pale Hatfield reli ikavunjika vipande vipande treni ikiwa kasi, watu 4 wakafa, na kinachouma ni kwamba nyufa zilishajulikana, reli mpya ilishaletwa ikalala kando ya njia miezi kadhaa haijafungwa! Halafu mwenye reli hajui kwingine kukoje, ikabidi treni zipunguziwe mwendo karibu nchi nzima. 2002 ikaja ajali ya Potters Bar, watu 7 wakafa. Network Rail, iliyomrithi Railtrack, ikaamua Oktoba 2003 kurudisha matengenezo yote ndani na maelfu ya mafundi wakahamia kwake.

mama behewa:
Kweli kabisa, ila walichorudisha ni ukaguzi na matengenezo ya kawaida, kazi kubwa za kubadilisha reli na mataruma (yale yanayolazwa chini ya reli) bado wakawapa makandarasi. Na kurudisha bila hela hakusaidii jamani. Sisi 2007 kampuni ya RITES ya India walichukua 51% ya TRL, kampuni iliyoendesha reli yetu ya zamani, 2011 serikali ikairudisha yote mikononi mwake, je njia ya zamani ilipona? Ilibidi ungoje mkopo wa Benki ya Dunia ndo Dar–Isaka ikarabatiwe.

Taruma_la_Chuma:
Asanteni sana. Kwa hiyo tudai nini sasa hivi, kabla mambo hayajaharibika?

Kijana wa Pugu:
Kumbukumbu za ukaguzi wa kila kilomita ziwe za TRC, zisikae kwenye kompyuta ya mkandarasi. Vijana wetu watembee njia pamoja na mafundi wa mkandarasi na wao ndo washike mashine ya kushindilia kokoto, sio kubeba koleo. Na hayo yaandikwe kwenye mkataba, maana ukishasainiwa hata ukiomba michoro tu unaambiwa ulipie.