Wasiwasi wa usaili siyo ugonjwa wa wasiwasi. Acheni!

Wakuu, hili nimelivumilia vya kutosha, leo nalitema. Siku hizi kila mtu "ana ugonjwa wa wasiwasi". Usaili kesho, ugonjwa wa wasiwasi. Mpenzi kachelewa kujibu meseji, ugonjwa wa wasiwasi. Chaji ya simu inakaribia kuisha, eti "jamani napata shambulio la hofu", na viemoji vya kucheka juu.

Sasa mwenye nao kweli akifungua mdomo anajibiwa nini? "Hata mimi ninao, mbona nachapa kazi?" Hapo ndipo damu inaponichemka.

Kuogopa usaili ni kawaida, tena kunakusukuma ujiandae. Usaili ukipita, hofu nayo inapita. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, kwa ugonjwa wa wasiwasi wa jumla unataka wasiwasi mtu asioweza kuuzuia, unaomkalia siku nyingi kuliko zile anazopata ahueni, kwa miezi 6 au zaidi, pamoja na mambo kama kukosa usingizi, misuli kukaza, uchovu na hasira za karibu. Na uwe umemvurugia maisha. Miezi 6, siyo tangu jana jioni!

Na hilo shambulio mnalolifanyia utani: moyo unadunda, pumzi hazitoshi, vidole vinakufa ganzi, mtu anaamini kabisa anakata roho. Wengine hukimbizwa hospitali. Vipimo vikitoka safi (na wapimwe kweli, maana hata tezi ya shingo ikizidisha kazi huleta dalili zinazofanana na hizo), ndugu wanahitimisha: "Si unaona? Huna kitu." Huna kitu!

Halafu kuna mabingwa wa ushauri. "Punguza kuwaza." Ningekuwa naweza, ningekungoja wewe uniambie? "Basi usiende kwenye watu." Huu ndio mbaya kuliko yote. Kila ukikwepa unachokiogopa unapata nafuu kidogo, na hofu inazidi kukomaa. Tiba ya mazungumzo mara nyingi hufanya kinyume chake, inamrudisha mtu polepole kwenye kile anachokikimbia. Dawa nazo zipo, ila zile zinazoandikwa zaidi huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na ndani ya wiki hizohizo utamsikia mjuaji: "Tupa hizo, zinakupumbaza."

Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 301 walikuwa na magonjwa haya mwaka 2019. Humu hawakosekani, wanasoma tu na kunyamaza. Haya, karibuni mnipinge, ila atakayeanza na "hata mimi" simjibu.