Kijana wa kidato cha pili anarudi likizo: naanzaje kuongea naye kuhusu pombe na bangi?

MamaKijana_Moro:
Habari zenu wakuu. Kijana wangu ana miaka 15, yuko bweni, anarudi likizo ya Juni. Shuleni kwao wanafunzi wawili wamesimamishwa: mmoja alikutwa na biskuti za bangi, mwingine na pombe kali iliyochanganywa na enaji. Nyumbani tumezoea kusema "usije ukagusa hayo mambo", basi. Safari hii nataka tuongee kweli. Naanzaje, niseme nini, na nisiseme nini?

Mnasihi_Sekondari:
Dada, hongera kwa kuuliza kabla hajafika. La kwanza, usimkalishe sebuleni siku anayoingia, baba upande huu na wewe upande ule. Mtoto wa umri huo akiona kikao anakuja na majibu mawili tu: ndiyo mama, hapana mama. Tafuta kazi ambayo hamtazamani usoni, kama kuchambua mchele, kuosha gari au kutembea kwenda sokoni. Dakika kumi zinatosha, kisha liache. Rudi siku mbili tatu baadaye.

Anza na wenzake, usianze na yeye. "Nimesikia habari ya wale wawili. Bwenini mnalisemaje?" Halafu nyamaza. Hapo ndipo wazazi wengi tunaharibu: mtoto anakaa kimya sekunde ishirini, mzazi anashindwa kuvumilia, anaujaza ule ukimya kwa onyo, na mtoto hafungui mdomo tena. Akijibu, uliza la pili: "Mtu akikataa kule, wanamchukuliaje?" Hili ndilo swali lenye uzito, kwa sababu wengi hawaanzi kwa kupenda ladha, wanaanza kwa kuogopa kuitwa washamba.

Ukishajua wanashawishiwaje, fanyeni mazoezi ya kukataa. Jibu refu linaleta ubishi, kwa hiyo liwe fupi: "Kesho nina mechi." "Mshua akininusa nimekwisha." Mruhusu kabisa akusingizie wewe. Alitamke kwa sauti huku wewe ukiigiza rafiki king'ang'anizi. Mtacheka, na ni vizuri mcheke.

Usimwambie "ukivuta mara moja unakuwa chizi". Ameshaona aliyevuta na hakuwa chizi, na kuanzia hapo hata ukweli wako atautilia shaka. Mwambie ulivyo: ubongo unaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, na sehemu ya kujizuia na kupima matokeo ndiyo inayokomaa mwisho. Bangi kali kama skanka, ikianza ujanani na kutumiwa mara kwa mara, inaongeza hatari ya ugonjwa wa akili, hasa kama kwenye ukoo yupo aliyewahi kuugua. Kama kwenu yupo, mwambie waziwazi, ni haki yake kujua.

Muuguzi_Zamu:
Naongeza hesabu, kwa sababu vijana wanaheshimu namba. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Chupa ndogo ya pombe kali, mililita 250 kwa asilimia 40, ina mililita 100. Hizo ni bia nne. Ikimiminwa kwenye enaji inakuwa kinywaji kimoja kitamu, kafeini inaficha usingizi, kijana anajiona mzima na anaongeza. Ini linahitaji takriban saa mbili au zaidi kumaliza bia moja ya aina hiyo. Kahawa, ndimu na maji ya baridi havilihimizi hata kidogo.

Biskuti za bangi zina mtego mwingine. Bangi iliyoliwa inachukua nusu saa hadi saa mbili kupanda. Mtoto anakula kipande, hasikii kitu, anaongeza cha pili, vyote vinapanda pamoja: moyo kwenda mbio, hofu kali, kutapika.

Sasa mfundishe la dharura, maana anaweza asinywe yeye akazimikiwa na mwenzake. Amwite na kumfinya. Kama haamki, au anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, au pumzi inakatika zaidi ya sekunde 10, au ngozi ni ya baridi na midomo imekuwa ya kijivu au buluu, ni hospitali wakati huohuo. Wakisubiri usafiri wamlaze ubavu, goti la juu likunjwe, kichwa kirudi nyuma kidogo ili matapishi yatoke. Wasimlaze chali, wasimtapishe, wasimnyweshe maziwa. Na wasiseme "mwache alale, itaisha": kilevi kilichobaki tumboni kinaendelea kuingia kwenye damu hata baada ya kuacha kunywa. Aliyekunywa gongo akaanza kuona ukungu, hata kama ni siku ya pili, apelekwe hospitali haraka. Hizo zinaweza kuwa dalili za methanoli, kilevi chenye sumu, na macho yanaweza kupofuka.

Watoto humficha mgonjwa chooni kwa kuogopa fimbo. Kwa hiyo ahidi mapema: usiku wowote akipiga simu unamfuata, au unamtuma bodaboda unayemfahamu, na usiku huo hakuna maswali. Maswali ni kesho baada ya chai. Kubalianeni ujumbe ambao wenzake wakiuona hawatashtuka, mfano "bibi ameshafika?" Ukiupata, mpigie wewe na umwamuru kwa ukali arudi nyumbani. Akiwa bweni, aende moja kwa moja kwa matroni au patroni.

MamaKijana_Moro:
Asanteni sana. Baba yake anataka apimwe mkojo siku anayofika. Na mjomba wake anataka ampeleke akaone mateja, ajionee. Mnaonaje?

Fundi_Maabara:
Kipimo cha ghafla sikishauri. Bangi huonekana siku chache kwa aliyevuta mara moja, na wiki nne au zaidi kwa mvutaji wa kila siku, hivyo jibu chanya halikuambii alivuta lini wala kiasi gani. Kikaratasi cha kawaida cha kupima dawa za jamii ya morfini kwenye mkojo hakioni tramado (dawa ya maumivu), wala hakuna kikaratasi kwenye seti za kupimia kinachoona gundi ya kunusa. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini zinaweza kuleta chanya ya uongo kwa amfetamini, dawa za kusisimua mwili. Jibu hasi litampa mzee utulivu usio na msingi. Kijana apimwe pale tu daktari anapoona haja, na ajue anapimwa nini.

Mnasihi_Sekondari:
Naunga mkono. La mateja pia liacheni. Kijana ataona mtu aliye mbali naye kabisa, atasema "mimi siko hivyo", na wale ni wagonjwa, si maonyesho. Mjomba ana kazi bora zaidi: awe mtu wa kuambiwa yale yasiyosemeka kwa mama. Akubaliane na kijana tangu mwanzo kwamba jambo la kuhatarisha maisha litafika kwa wazazi, mengine yatabaki kwao wawili.

Naye baba asimtume dukani kumnunulia bia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuuziwa pombe.

Kulala sana na ubishi peke yake ni ujana. Shtuka vikija pamoja kwa wiki kadhaa: pesa zinapotea, alama zinashuka, marafiki wa zamani wote wameachwa, macho mekundu. Hapo nendeni kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, au pigeni 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Akikiri kwamba ameonja, neno la kwanza liwe "asante kwa kuniambia". Kisha uliza alionja nini, na nani, kiasi gani, na alijisikiaje. Kama kuna adhabu, isiwe siku hiyo.