Mitumbwi ya sangara ifungwe vifaa vya GPS au isifungwe?

Wakuu, naweka hoja mezani. Wapo wanaotaka kila mtumbwi wa Ziwa Victoria ufungwe kifaa cha GPS, mwendo wake usomwe kwenye ramani ya kompyuta, na atakayeingia kwenye mazalia ya samaki akamatwe. Mfano wao ni baharini: meli kubwa za jodari zinabeba vifaa vinavyoeleza kwa setilaiti zilipo, na mwaka 2017 Indonesia iliamua hata kuanika hadharani mienendo ya meli zake.

Ramani ya mazalia naiunga mkono. Kifaa kwenye mtumbwi nakipinga.

Nina mitumbwi miwili ya sangara Kayenze, Mwanza. Vijana wanatega nyavu za makila jioni, wanategua alfajiri. Mwaka jana walirudi na maboya mawili na kamba iliyokatwa kwa kisu. Nyavu zote zilikwenda, na mkopo nilionunulia nilikuwa sijaulipa hata nusu. Kila mvuvi wa sangara anaijua hofu hii. Sasa mtumbwi ukisimama pale pale kila jioni, nukta yake inaonyesha nyavu zilipo. Nani ataiona? Ikipigwa picha kwa simu na kutumwa usiku ule ule, mwizi ameshaelekezwa njia.

Tena mhalifu mwenyewe haonekani humo. Kokoro, wavu uliopigwa marufuku, huvutwa kutoka ufukoni; mtumbwi unaolizungusha hauendi mbali. Na mwenye timba, nyavu nyingine haramu, ataacha kifaa kwa jirani.

Tuje kwenye mistari ya mazalia kwenye ramani. Sangara hakai mahali pamoja. Miezi ya joto maji ya chini kilindini yanaishiwa oksijeni, naye anayakimbia; Juni na Julai upepo wa kusini unayachanganya, anashuka tena. Mstari uliochorwa Februari, Julai unaweza kuwa unalinda maji matupu. Sato ni habari nyingine: dume anachimba kiota kwenye maji mafupi karibu na ufuko, jike anaatamia mayai mdomoni. Hapo mstari unafaa, na mimi wa kwanza kuuheshimu. Ila uchorwe upya mara kwa mara. Mei 2024 ziwa lilipanda hadi kuvunja rekodi ya 2020, maji yakaingia mashambani na kwenye nyumba za watu. Ramani ya zamani ina ufuko ambao siku zile ulikuwa chini ya maji.

Siku moja mtaalamu alikuja mwaloni kwetu, pale tunaposhushia samaki, na ramani yake. Mzee mmoja aliyezeekea majini akaweka kidole: "Hapa mmeandika mchanga. Nyavu zangu zimechanika hapa, ni mwamba." Yule mtaalamu hakubisha. Aliuliza mwamba unaanzia wapi, akarekebisha pale pale, kisha wakakaa hadi jua likawa kali. Hivyo ndivyo nataka ifanyike: BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi, ya kila mwalo ikae na wataalamu, mazalia ya sato yachorwe pamoja, maboya yawekwe ili hata asiye na simu ayaone.

Na kama vifaa ni lazima, vianze kwenye boti za doria, tuone zinapita wapi usiku kokoro likivutwa.

Mnaotaka mitumbwi ifungwe, nijibuni hili: nyavu zikiibwa kwa sababu nukta ilivuja, nani anazilipa?