Mwanangu alizaliwa na kilo 1.6, na kakangu sasa yuko kwenye mashine ya figo. Naomba ushauri

BintiKisauni:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Kuna jambo laninyima usingizi, na humu najua mna manesi na wazazi walionitangulia.

Kakangu ana miaka 36. Mwaka jana alipatikana na presha, na kabla hajazoea vidonge akaambiwa figo zimechoka. Sasa huoshwa damu mara mbili kwa wiki. Hana sukari, hanywi pombe. Daktari akamuuliza swali ambalo hatukulitarajia: "Ulizaliwa na kilo ngapi?" Mama akasema alikuja kabla ya wakati, akalelewa kwenye pamba mwezi mzima. Daktari akaitika, akaandika.

Kufika nyumbani nikatoa kitabu cha kliniki cha binti yangu. Wino wa buluu umefifia lakini wasomeka: wiki 32, gramu 1,600. Leo ana miaka 6, yuwakimbia, yuwasoma, haumwi. Nilimpeleka kupimwa presha, mhudumu akamfunga mkanda wa watu wazima, ukazunguka mkono wake mara mbili, akasema iko sawa. Nyanyake naye kila jioni humpa mahamri na viazi karai mpaka ashibe sana, ati apate mwili. Na mimi nina mimba ya miezi minne. Nambieni ukweli.

NesiMstaafuTudor:
Wa alaykum salaam mwanangu. Pole kwa kakako, Mungu amfanyie wepesi.

Daktari aliuliza swali la maana. Kila figo ina vichujio vidogo mno, nefroni, kama milioni 1 hivi, ila watu hatulingani: wako wenye 200,000 na wako wenye zaidi ya milioni 2. Vyote huumbwa tumboni, na zaidi ya nusu huumbwa ile miezi mitatu ya mwisho. Ikifika wiki ya 36 hivi kazi imekwisha. Mtoto aliyekuja mapema huendelea kuviumba kwa wiki chache tu, basi. Ukubwani haongezi hata kimoja. Ndiyo maana mtoto wa chini ya gramu 2,500 twamwangalia kwa jicho jengine.

Unajua kifumbu cha kuchujia tui. Nazi ya vifumbu viwili ukiikamua kwa kimoja, tui utapata, tena zuri. Lakini ukikikamua hivyo kila siku, miaka nenda miaka rudi, ususi hulegea na machicha yaanza kupita. Figo ni vivyo hivyo: vichujio vichache hubeba kazi ya vyote, presha ndani yake hupanda, kisha protini yaanza kuvuja kwenye mkojo. Mtu hahisi maumivu yoyote wakati huo.

Kipimo kile rudia. Mkanda ukiwa mkubwa kuliko mkono, namba hutoka chini kuliko ilivyo. Uliza mkanda wa mtoto, na mkojo upimwe protini. Presha ya huyu mtoto ipimwe kila mwaka.

MzeeWaBandarini:
Wanangu, msimtie hofu mama mja mzito. Mimi nilizaliwa mdogo, nyanyangu akinifunga kifuani kwa leso usiku na mchana. Nina miaka 58, nimefanya kazi bandarini tangu ujana, na presha yangu ni nzuri.

MwalimuMajengo:
Shikamoo mzee wangu. Usemayo ni kweli, na asemayo nesi ni kweli. Fikra hii ya vichujio vichache ilitolewa mwaka 1988 na Barry Brenner na wenzake huko Marekani. Mwaka 2008 watafiti wa Norway wakatoa hesabu ya watoto zaidi ya milioni 2 waliozaliwa kuanzia 1967. Waliozaliwa wadogo kabisa walikuwa na hatari kama mara 1.7 ya figo kushindwa. Lakini katika umati wote ule, waliofikia hatua hiyo ni 526, ingawa mkubwa wao hakuwa amepita miaka 38. Kwa hivyo dada, hatari imeongezeka lakini yabaki ndogo, na mtoto wako si mgonjwa. Wa kuangaliwa zaidi ni yule anayeongeza juu yake presha, sukari au unene.

MamaMapachaLikoni:
Hapo kwenye unene ndipo pangu. Mapacha wangu walikuwa kilo 1.9 na 2.1, na mamamkwe kila akiwaona alikuwa akilia, awashindilie uji wa siagi. Nilimwendea kwa adabu, nikamwambia, "Mama, figo zao ni ndogo, mwili ukizidi zitachoka." Hakukasirika. Sasa huwapa samaki wa kupaka, mbaazi na ndizi. Chumvi tumepunguza nyumba nzima, na achari ni siku moja moja.

Jengine: homa ikija, usikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni dukani, hasa akiwa anaharisha au anatapika. Dawa hizo huzibana figo. Na miti shamba ya "kusafisha figo" usimpe kabisa.

NesiMstaafuTudor:
Sasa wewe mwenyewe, mwanangu. Ile mimba ya kwanza ilikuwaje ukajifungua wiki 32? Ikiwa ni presha ya mimba, usingoje tarehe ya kliniki, nenda kesho umwambie daktari. Kuna aspirini ya kiwango kidogo inayoweza kuikinga, nayo hufaa zaidi ikianzwa mapema. Ataamua yeye. Na huku pwani malaria hula uzito wa mtoto tumboni: dawa ya kinga umeze mbele ya nesi kila mwezi, ulale ndani ya neti, vidonge vya damu usiviruke.

BintiKisauni:
Ndiyo, ilikuwa presha, nilivimba mpaka uso. Leo asubuhi nimekwenda na nimeanzishwa aspirini. Binti amepimwa kwa mkanda wake mdogo: 98 kwa 60, mkojo safi. Nyanyake alikuweko, akamuuliza daktari mwenyewe kuhusu mahamri.

Kakangu ana wavulana watatu. Nimempigia kumuuliza walizaliwa na kilo ngapi. Hakumbuki, lakini mkewe ameshainuka kutafuta vitabu.