Chicago pamoja na mama: tuone nini, tusikilize nini?

Swali: Msafiri wa Juni

Wanajukwaa, salaam. Mungu akipenda, mwezi Juni nitampeleka mama Chicago kwenye mahafali ya sekondari ya mtoto wa dada yangu, na baada ya sherehe tutabaki mjini kwa siku chache. Dada mwenyewe, kwa jinsi anavyobanwa na kazi, hajapata kuutembea vizuri mji anaoishi, na orodha nyingi ninazozisoma huanza na ghorofa la kupanda na kuishia dukani. Mama ni mwanakwaya wa miaka mingi. Masikio yake bado ni makali, ila magoti yameanza kumsumbua. Mimi ni mpenzi wa historia, na nimesikia kwamba wale simba wala watu wa Tsavo, Kenya, wamehifadhiwa huko. Naomba mnieleze ni vivutio gani vinastahili kiingilio, vipi ni vya bure hata kwa mgeni, na iwapo kuna mahali pa muziki ambapo mama anaweza kukaa bila kujiona ameingizwa baa.

Jibu: Mkazi wa Hyde Park

Ndugu msafiri, nianze na jambo linalowakwaza wageni wengi: siku za bure zinazotangazwa na makumbusho makubwa ya Chicago kwa kawaida ni za wakazi wa jimbo la Illinois wanaoonyesha kitambulisho, kwa hiyo dada yako anaweza kuingia bure huku ninyi mkilipa. Vya bure kwa kila mtu vipo, na baadhi yake vinavishinda vya kulipia. Chicago Cultural Center, iliyofunguliwa mwaka 1897 ikiwa maktaba ya jiji, haina kiingilio, ina lifti, na ndani yake kuna kuba la vioo vya rangi la Tiffany lenye kipenyo cha karibu mita 12, ambalo vipande vyake vimepangwa mithili ya magamba ya samaki. Nendeni mchana, mwanga wa nje ukiwa unapenya.

Mkivuka barabara tu mtakuwa Millennium Park, iliyofunguliwa mwaka 2004. Kila mtu atawapeleka kwenye Cloud Gate, sanamu ya Anish Kapoor iliyoundwa kwa mabamba 168 ya chuma kisichoshika kutu, na kwa kweli inapendeza, lakini kitu cha kumwonyesha mwanakwaya ni jukwaa la Pritzker lililosanifiwa na Frank Gehry. Juu ya uwanja wa nyasi pametandazwa wavu wa mabomba ya chuma wenye spika zilizoning'inizwa, hivi kwamba aliyeketi nyuma kabisa husikia kila ala kana kwamba yuko safu za mbele. Okestra na kwaya ya Grant Park Music Festival, tamasha lililoanza mwaka 1935, hutumbuiza hapo jioni kadhaa kila wiki kuanzia Juni hadi Agosti, na anayeketi nyasini hadaiwi hata senti. Kama mtalipia makumbusho moja tu, mimi ningechagua Art Institute, makumbusho ya sanaa iliyo hatua chache kutoka hapo, na ningeiacha Field Museum, makumbusho ya viumbe na historia ya asili wanamohifadhiwa simba wako, ambayo ni kubwa mno kwa mtu mwenye magoti mabovu.

Jibu: Mpiga Kinanda

Mama akisikia habari za muziki wa bluzi (blues) akakunja uso, msimulie juu ya Thomas A. Dorsey. Huyu alikuwa mpiga piano wa bluzi aliyemsindikiza mwimbaji Ma Rainey, kabla ya kuwa kiongozi wa muziki katika kanisa la Pilgrim Baptist, mtaa wa Bronzeville, mwaka 1932. Mapigo na vilio vya bluzi alivihamishia kanisani, na mwanzoni makanisa mengi yalimfungia mlango. Leo ni vigumu kuupata muziki wa injili wa Marekani usio na alama ya mkono wake. Jengo la Pilgrim Baptist liliungua Januari 2006 zikabaki kuta, kwa hiyo mtaliona kwa nje tu. Ibada ya Jumapili katika kanisa mojawapo la Wamarekani Weusi la South Side, upande wa kusini wa jiji, itamfaa mama kuliko ukumbi wowote wa tiketi, mradi mfike mapema, mvae kwa heshima, na msiinue simu kupiga picha watu wakiwa katika maombi.

Kuhusu bluzi yenyewe, Chicago Blues Festival hufanyika Juni katika Millennium Park hiyo hiyo, bila malipo, na imekuwako tangu mwaka 1984. Maonyesho huanza mchana, familia huja na watoto, na hakuna sura ya baa hata kidogo. Vilabu vya usiku ni habari nyingine, kwa kuwa umri halali wa kunywa pombe ni miaka 21 na vitambulisho hukaguliwa mlangoni, kwa hiyo mhitimu wenu huenda akarudishwa. Badala yake mpelekeni 2120 South Michigan Avenue, jengo jembamba lililokuwa studio ya kampuni ya muziki ya Chess Records, ambamo mwanabluzi Muddy Waters alirekodi. Alifika mjini kutoka Mississippi mwaka 1943, katika wimbi la Weusi walioukimbia ubaguzi na ufukara wa Kusini. Gitaa lake la kawaida likamezwa na kelele za vilabu mpaka akahamia gitaa la umeme, na sauti ya bluzi ya Chicago ikazaliwa hivyo.

Jibu: Mzaliwa wa Voi

Sikubaliani kabisa na shauri la kuiacha Field Museum. Mama ataombewa kiti cha magurudumu mlangoni, na mtu hawezi kutoka Afrika Mashariki akapita nje ya jengo walimo simba wale. Ila msitarajie madubwana. Ni madume wawili wasio na manyoya ya shingoni, waliouawa na John Henry Patterson mwaka 1898 wakati wa ujenzi wa daraja la reli juu ya mto Tsavo. Alizitumia ngozi zao kama mazulia kwa takriban robo karne, kisha mwaka 1924 akaiuzia makumbusho hiyo kwa dola 5,000. Na kwa kuwa zilikwisha kukatwa na kuchakaa, simba mtakaowaona nyuma ya kioo ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Patterson alikuja kudai kwamba waliua watu 135, ilhali uchunguzi wa kikemikali wa mifupa na manyoya yao uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kama 35. Mwaka 2024 watafiti walieleza kwamba nywele zilizokwama katika meno yao yaliyovunjika zilikuwa na vinasaba vya twiga, pundamilia, kuro, choroa, nyumbu na binadamu. Mimi ni miongoni mwa wanaoona kwamba mabaki hayo yarudi Kenya, lakini hadi yatakaporudi, heri tukayaangalie sisi wenyewe. Huyo dinosaria Sue anayewapangisha watu foleni mtamwona mkibakiwa na nguvu.

Msafiri wa Juni

Nawashukuru sana. Mpwa wangu bado anasisitiza kupanda Willis Tower. Je, tumkatalie?

Jibu: Mpenda Majengo

Msimkatalie, ila apande na wewe huku mama akipumzika. Jengo lina mita 442, na vibaraza vyake vya kioo viko ghorofa ya 103. Tazameni anga kwanza, maana mawingu ya ziwani yakishuka mtalipa kutazama weupe mtupu.

Mama mpandisheni boti ya kutalii majengo katika Mto Chicago. Ni safari ya kama dakika 90, ameketi muda wote, na msimulizi huonyesha jinsi mji ulivyojengwa upya baada ya moto mkubwa wa mwaka 1871, na jinsi jengo la ghorofa 10 la Home Insurance, lililokamilika mwaka 1885 kwa kubebwa na fremu ya chuma badala ya kuta, lilivyofungua njia ya maghorofa. Jengo hilo lilibomolewa mwaka 1931. Maji mnayoelea juu yake pia yana historia yake: mwaka 1900 wahandisi waliugeuza mto utiririke kinyume, ili majitaka yasiingie katika Ziwa Michigan ambamo mji hupata maji ya kunywa. Kateni tiketi mapema kwa sababu Juni boti hujaa, na mchukulieni sweta, kwani sitaha ya juu haina paa na upepo wa ziwani ni wa baridi hata jua likiwaka.