Paa la mpira linavuja na mvua haijakatika

Wapendwa, salaam. Paa tambarare la mpira mweusi (EPDM) linavuja karibu na taa ya chumba cha nyuma, na mvua itaendelea siku nne. Inawezekana kuziba leo? Nina silikoni na kopo la lami ya paa.

JIBU:

Dada, lami usiifungue kabisa. Mafuta ya petroli yaliyomo huufanya mpira wa EPDM uvimbe na kulainika, na hapo tena kiraka hakishiki; sehemu hiyo itabidi ikatwe. Silikoni nayo hubanduka kama ganda baada ya muda, kisha huacha utelezi unaoikataa gundi ya kudumu.

Anza ndani. Zima umeme wa taa hiyo kwenye swichi kuu. Dari likituna kwa maji, tega ndoo na ulitoboe kwa bisibisi pale lilipotuna zaidi, kabla uzito haujaliangusha lote.

Juu ya paa, usilitafute tundu hapo hapo lilipo doa. Maji hutambaa kwenye mbao kabla ya kudondoka, kwa hiyo kagua kuelekea upande wa juu wa mteremko: maungio, pembe, shingo za mabomba, ukingo wa ukutani. Katikati ya mpira huwa mara chache, isipokuwa kitu chenye ncha kimeangukia. Bonyeza maungio kwa kidole; palipofumuka hutoa maji au vipovu. Zibua na tundu la kutolea maji, maana sentimita 5 za maji yaliyotuama ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Mpira uliolowa unateleza vibaya, tena kukiwa na upepo usipande.

Kwa leo tumia gundi ya kuziba ambayo kopo lake linasema wazi inafaa EPDM na hushika penye unyevu. Nyingi za MS polima (aina ya gundi ya kuziba inayogandishwa na unyevu) ziko hivyo. Ondoa maji kwa sifongo, pangusa matope, kisha isugue gundi kwa brashi ngumu ili isukume unyevu uliobaki. Ipite tundu kwa sentimita 5 kila upande, unene wa milimita 2 hadi 3. Mpasuko mrefu uzamishie kitambaa cha nyuzi katikati ya matabaka mawili.

NYONGEZA:

Naunga mkono, ila hicho ni kiraka cha kusogeza siku. Cha kudumu kinataka pakavu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanafuta maji, wanapaka praima (kimiminika cha kwanza kinachosaidia kiraka kushika), wanabandika, na baada ya wiki kiraka kinainuka. Praima ikikauka hupoza mpira, na hewa ikiwa na unyevu mwingi umande mwembamba hutua juu yake. Hauonekani, lakini unatosha kuzuia mshikamano. Hata turubai juu ya kichwa halisaidii hewa ikiwa hivyo.

Siku kavu ikija, kwangua gundi ya muda yote. Osha kwa maji ya sabuni, suuza, acha pakauke, kisha pangusa kwa kisafishio cha EPDM hadi kitambaa kisitoke cheusi. Paka praima nyembamba na usubiri; ukiigusa isivutike na kidole. Kiraka kipite tundu kwa milimita 75 kila upande, na pembe zake zikatwe mviringo, kwani pembe kali ndiyo huanza kubanduka. Pitisha rola ya chuma au silikoni kwa nguvu kutoka katikati kwenda nje, kisha ziba kingo zote kwa gundi ya maungio. Praima huwaka upesi, hivyo moto wowote uwe mbali.

Kabla ya kufunika, kanyaga pembeni ya tundu. Panapobonyea kama sifongo, tabaka la kuzuia baridi lililo chini limelowa. Kata mpira hapo, toa kilicholowa, weka kikavu, ndipo ubandike kiraka kipana zaidi.